Mahali Wimbo Ulikuwa Unakwama

Juzi kwa arusi ya binti ya jirani hapa Amalemba nilijiaibisha mbele ya watu, na bado sijajuta. Walikuwa wameleta santuri ya kubeba, ile inafungwa kama sanduku, na kijana mmoja wa suruali pana chini ndiye alikuwa anabadilisha rekodi, anajiona kama yeye ndiye bwana arusi. Jua linashuka polepole, watu wameshiba, harufu ya ingokho ya kuchemsha bado iko kwa vidole kwa sababu kuku ya kwetu hailiwi na uma. Basi huyo kijana akaweka rekodi moja ya zamani ya Wamarekani, sauti tatu za wanaume na kinanda kidogo nyuma, na mimi nikaijua hata kabla ya neno la kwanza, kwa vile wale watu wanavuta pumzi pamoja pale mwanzo. Nikaweka sahani chini. Nikafunga macho. Nikaimba nao kwa nguvu mpaka tukafika mahali pale, na pale mimi nikarudi nyuma na wao wakaenda mbele, wakaniacha napiga kelele peke yangu, kama mtu amekanyaga kidato ambacho hakiko.

"Rekodi yako imeruka," nikamwambia.

"Haijaruka, dada. Hii ni mpya, nimeitoa Kisumu juzi."

"Imeruka! Hapo kwa ai kenti inarudi. Ai kenti, ai kenti, ai kenti, halafu tok, ndio anapita. Mimi nimejua huu wimbo wakati wewe ulikuwa unapanguswa kamasi."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, na hiyo ndiyo ilinichoma. "Basi hiyo yenu ilikuwa na mkwaruzo, dada. Sindano ilikuwa inakwama."

Kama kwamba sijui! Nimejua hivyo tangu meno yangu ya mbele hayajaota. Lakini kuambiwa na mtu wa suruali kama ile! Nikaenda nyuma ya nyumba nipoe, na wakati napoa nikaamua nitaandika. Shule mimi niliacha mapema, kusoma nimejifundisha kwa magazeti ya kufungia nyama, kwa hiyo mtanivumilia. Lakini ninyi wa rika yangu, mliokuwa mnakimbia pekupeku hapa mjini wakati bendera ilikuwa inabadilishwa, mnawakumbuka Amalemba Boizi. Na kama mmewasahau, kaeni chini, kwa sababu mimi siwezi kubali wapotee hivi hivi.

Walikuwanga watatu. Hezron alikuwa anabeba magunia kwa stoo ya mahindi, kifua kama mlango, na sauti ya chini ilikuwa yake. Asman alikuwa fundi cherehani, Mwislamu kutoka Mumias, mtu msafi wa kofia nyeupe. Yeye alishika sauti ya katikati. Na sauti ya juu ilikuwa ya kaka yangu, Jotham.

Sasa Jotham alikuwa na kigugumizi, na si kile kidogo cha kukwama mara moja moja. Neno lilikuwa linamshika koo kama mfupa. Mishipa ya shingo inasimama, jicho la kushoto linafumba, na watu wanaanza kuangalia viatu vyao. Wengine wabaya walikuwanga wanamwigiza hapo hapo, na hao wote mimi nilikuwa nimewaweka kwa roho, mmoja mmoja, mpaka leo nawajua. Lakini akiimba, hakuna kitu kama hicho. Maneno yalikuwa yanatoka kama maziwa kutoka kwa kibuyu.

Kwa kuongea, mimi ndiye nilikuwa ulimi wake. Akimwambia mama, "Mayi, nime-nime-nime," mimi namaliza, "Ameleta kuni!" Akienda dukani, "Nipe nu-nu-nu," mimi kutoka chini ya kaunta, "Nusu ya sukari, na usipunje!" Na sikizeni akili ya mtoto: sikuona kama ni shida. Nilidhani ananiachia. Kwa sababu Jotham alikuwa na tabia ya kuniachia ukoko. Mama akimaliza kupakua obusuma, ugali wetu, kile kigaga cha chini ya sufuria, kile cha kunukia moshi, kilikuwa cha kwanza kugombaniwa nyumbani, lakini yeye alikuwa anasukuma sufuria upande wangu bila kusema kitu. Nikaona ni jambo moja. Ananiachia mwisho wa chakula, ananiachia mwisho wa neno. Na mimi nilikuwa natafuna yote mawili mpaka inaisha.

Gramafoni hawakuwa nayo hata mmoja. Huu wimbo waliutoa kwa Mhindi wa baiskeli, pale barabara kubwa. Wazungu walikuwa wameanza kufunga vitu waende kwao, na afisa mmoja akamwuzia Mhindi sanduku la rekodi pamoja na mashine yenyewe. Basi kila Jumamosi mchana Mhindi alikuwa anafungulia mashine dukani ili watu wasimame, na wakisimama waone baiskeli. Asman alikuwa anashonea kwa veranda hiyo hiyo, mgongo kwa mlango, uso barabarani. Yeye ndiye aliwaita wenzake. Alisema alikuwa amesikia kitu kinamfuata mpaka nyumbani, hakimwachi.

Namna yao ya kufanya kazi sijaiona kwa watu wengine. Kila mmoja alikuwa na nguzo yake kwa veranda. Anaegemea, anafunga macho, na anasikiza sauti moja tu. Asman alikuwa mkali kwa hilo.

"Mtu asisikize wimbo," alikuwa anasema. "Ukisikiza wimbo utafurahi, na ukifurahi utasahau. Wewe shika uzi wako. Hezron, wa chini. Mimi wa katikati. Jotham, wa juu. Tukifika nyumbani tutashona."

Halafu kutoka hapo mpaka Amalemba ilikuwa hawafungui mdomo. Ukifungua, sauti yako inamwagika. Na hapo ndipo ilikuwa taabu, kwa sababu mnajua watu wa kwetu. Mtu unaweza kumnyima maji, lakini ukimpita bila mulembe, bila salamu, hiyo itafika mpaka kwa mababu zake. Na wale watatu walikuwa wanapita kati ya soko nzima midomo imefungwa, Hezron ameshika shavu kama mtu wa jino. Watu wakaanza kusema vijana wamekuwa na kiburi, ati uhuru haujafika na wao tayari ni mawaziri. Kwa hiyo mimi nikapewa kazi. Nilikuwa natembea mbele, nasalimia kwa niaba yao.

"Mulembe, kukhu! Wanakusalimia sana, lakini wamebeba!"

"Mulembe, omwana. Wamebeba nini? Mbona sioni mzigo?"

"Wamebeba wimbo!"

Yule nyanya, alikuwa anauza ndizi, akawaangalia kutoka juu mpaka chini. "Ni wimbo gani mzito hivyo mpaka unabebwa na wanaume watatu?"

Nyuma ya nyumba zetu za kanju, zile za baraza la mji, kulikuwa na tangi la maji la saruji, limepasuka zamani, kavu kabisa. Walikuwa wanaingia ndani yake, mimi naketi juu kwa ukingo miguu inaning'inia. Ndani kunanuka mjusi na saruji ya baridi. Asman anahesabu kwa kidole. Halafu wanaachilia wote mara moja, na kile kitu walikuwa wamebeba vipande vipande kutoka mjini kinasimama hapo ndani kizima, na kinapanda kuja kwangu juu kupitia nyayo. Nimeenda mpaka Nairobi, nimesikia bendi za vyombo vingi. Hakuna mtu amewahi kuniimbia kupitia nyayo tena.

Sasa, mahali pale. Kwa rekodi ya Mhindi, yule mwimbaji wa juu akifika kwa ai kenti alikuwa anakwama. Ai kenti, ai kenti, ai kenti, kisha inalia tok, na anapita vizuri anaendelea. Mwalimu mmoja aliyeleta suruali kwa Asman alitueleza maana: siwezi. Siwezi, siwezi, siwezi, tok, kukusahau. Basi Amalemba Boizi wakaimba hivyo hivyo. Jotham anarudia, wale wawili wanarudi naye, halafu Hezron anagonga ukuta wa tangi kwa kidole kilichokunjwa, tok, na wote watatu wanapita.

Mimi siku ya kwanza kusikia hiyo pale veranda niliruka nikamshika Jotham shati. "Ni kama wewe! Huyo wa Amerika ni kama wewe!"

Jotham alikuwa amebeba. Lakini alitabasamu mpaka Asman akamkanyaga mguu.

Na ile tok nikajitengenezea maelezo yangu mwenyewe, na sikumwambia mtu kwa sababu niliona ni wazi. Nilijua kabisa kwamba huko Amerika kuna msichana amesimama kando ya kaka yake. Kaka akikwama, yeye anagonga meza, na kaka anapita. Nilikuwa hata nimempa gauni, ya njano. Usiku kabla ya kulala nilikuwa namwonea huruma kidogo kwa sababu yeye anagonga tu, hajaachiwa maneno kama mimi.

Uhuru ukakaribia. Kamati ya sherehe ikasema ngoma za isukuti zitakuwako, kwaya ya kanisa itakuwako, na kumebaki nafasi moja ya vijana wa kisasa. Wanaotaka waje ukumbini Jumapili baada ya ibada, wasikizwe. Nyumbani hiyo nafasi ilikuwa kitu kikubwa, na si kwa sababu ya sherehe. Ni kwa sababu ya Papa. Papa alikuwa anafanya kazi kwa shamba la mzungu huko Lugari, anakuja mara chache, na hakuwa amewahi kumsikia Jotham akiimba. Yeye alimjua tu yule wa kukwama. Jotham akianza kusema, Papa alikuwa anapunga mkono, "Basi, basi, nimeelewa," na hakuwa ameelewa. Na alikuwa ametuma ujumbe kwamba siku ya bendera atakuja.

Ukumbini waliimba vizuri, sitii chumvi. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja wa koti zito hata kwa jua, alikuwa anatikisa kichwa na kujipiga gotini kwa kofia yake. Wakafika mahali pale, wakakwama vizuri, Hezron akagonga benchi, wakapita. Wakamaliza. Mwenyekiti akafungua mdomo aseme nafasi ni yenu, mimi nililiona lile neno kwa midomo yake. Na nyuma mtu akacheka.

Alikuwa Festo, mtoto wa jirani, karani Nairobi, amekuja likizo na tai.

"Samahani, Mwenyekiti," akasema. "Wanaimba vizuri. Lakini wanaimba mkwaruzo."

"Wanaimba nini?"

"Mkwaruzo. Hiyo rekodi mimi ninayo, haikwami popote. Ya Mhindi imekwaruzwa, sindano inarudi nyuma. Na hiyo tok," akashindwa kujizuia, "hiyo tok ni Mhindi mwenyewe! Anasoma gazeti, akiona imekwama anagonga kaunta ipite!"

Ukumbi ulikaribia kuanguka. Watu walicheka wakashikana. Na katikati ya hiyo kelele sauti moja, ya nani sikujua, ikasema, "Hata wimbo umepata kigugumizi kama mwenyewe!"

Mwenye kusema hivyo sikumpata karibu. Aliyekuwa karibu ni Festo. Nikamwuma mkono, hapa penye saa.

Wakanitoa kwake kama kupe. Mwenyekiti alipopata nafasi ya kusema, alisema kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya kuliko kicheko. "Vijana, nendeni mtengeneze, tafadhari. Siku hiyo kutakuwa na wageni wakubwa. Hatuwezi kuonyesha serikari mpya kitu imeharibika. Mkileta imenyooka, nafasi ni yenu. Isiponyooka, kuna wale wa akodioni wanangoja."

Festo mwenyewe, niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Kesho yake alikuja nyumbani, mkono umefungwa leso, rekodi chini ya kwapa. Akasimama mbali na mimi.

"Jotham, sikutaka wakucheke wewe. Chukueni hii, mwambieni Mhindi awawekee."

"A-a-a," Jotham akaanza.

"Asante!" nikamaliza, lakini kwa hasira, ionekane si yangu.

Mhindi akawawekea. Wakasimama kila mtu kwa nguzo yake, mimi nikaketi chini kando ya cherehani. Wimbo ukaja safi, hauna ule mlio wa mvua mvua wa rekodi ya Mhindi. Ukafika mahali pale. Na yule mtu wa Amerika akapita. Ai kenti mara moja, akapita kama hakuna kitu, kama mtu hata hajui kuna mahali watu wanakwama.

Nililia pale chini mpaka Asman akasimamisha cherehani. Walidhani nalilia nafasi. Mimi nilikuwa nalilia vitu viwili: kwamba yule mtu si kama Jotham, na kwamba dada yake wa gauni ya njano hakuwako, hakuwahi kuwako, ni Mhindi na gazeti.

Wiki hiyo yote tangini walijaribu kuunyoosha. Wakifika hapo, watatu wanaangaliana. Mkono wa Hezron unapanda, unakumbuka, unashuka. Ulinyooka, ndiyo. Ulinyooka kama barabara ya lami mpya isiyo na mtu hata mmoja anatembea.

"Mimi huu mkono unajigonga wenyewe," Hezron akasema. "Nifanye nini, nikate?"

"Uweke mfukoni," Asman akasema. "Wallahi hata mimi sipendi. Lakini Mzee anakuja kusikia mtoto wake. Tuimbe vile wanataka, Mzee amsikie, iishe."

Wakamwangalia Jotham. Mimi pia nikamwangalia, tayari na mwisho wa neno lolote. Lakini hakuanza neno. Alikuwa anagusa ule ukuta wa tangi mahali Hezron alikuwa anagonga, palikuwa pameanza kung'aa kidogo.

Siku yenyewe mnaikumbuka. Vumbi, vibendera vya karatasi, watoto wamejaa juu ya miti mpaka matawi yanalia. Papa alikuwa amefika, ameketi kando ya Mayi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kwaya ikaimba. Wapigaji isukuti wakatikisa ardhi, wakamaliza, wakasimama pembeni wanajipangusa jasho na ngoma zao bado kwapani. Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akawaita Amalemba Boizi, na mimi nikatoka nao kama kawaida, nani angenizuia.

"Vijana," Mwenyekiti akauliza, na kipaza sauti kikapeleka swali uwanja mzima, "mmetengeneza?"

Jotham akavuta pumzi. Mimi nikafungua mdomo. Ndiyo, Mwenyekiti, tumetengeneza. Nilikuwa nayo yote kwa ulimi.

Na Jotham akaniwekea mkono mdomoni. Kiganja kizima, kinanuka kuni.

"Ngo-ngo-ngoja, Muhonja."

Hakuwa amewahi kuniambia ningoje. Nilisimama pale nyuma ya kile kiganja na kitu kikaanza kunijia polepole, kwamba pengine ule ukoko wa maneno hakuwa ananiachia. Pengine nilikuwa nachukua.

Akashika kipaza sauti. "Mwe-mwe-mwe," na kipaza sauti kikarudisha, mwe, mwe, mwe, kutoka upande wa pili wa uwanja. Mtu akaanza kumwigiza, wenzake wakamnyamazisha. Papa akainuka nusu, mkono wake tayari hewani, basi, basi, nimeelewa. Mayi akamvuta shati.

"Mwenyekiti. Tu-tu-tutaimba. Vi-vi." Mishipa ikasimama. Jicho likafumba. Uwanja wote ukawa unasikia vibendera tu. Na hakuna mtu aliyemaliza, kwa sababu aliyekuwa anamaliziaga alikuwa amefungwa mdomo. "Vile tulibeba."

Mwenyekiti akageuka kuangalia wageni wakubwa aone nyuso zao zikoje. Hawakumngoja. Asman akainua kidole, wakavuta pumzi pamoja, wakaachilia.

Papa akaketi. Nilikuwa namwangalia. Aliketi polepole, kama mtu anaketi ndani ya maji, na mkono wake ukabaki hewani amesahau kuushusha.

Wakafika mahali pale. Ai kenti. Ai kenti. Ai kenti. Na Hezron akainua mkono wake agonge, na hapakuwa na kitu cha kugonga. Hakuna tangi, hakuna benchi. Ni uwanja na hewa. Wakarudi tena: ai kenti. Tena: ai kenti. Sasa walikuwa wamekwama kweli kweli, si mkwaruzo wa Mhindi, ni wa kwao wenyewe. Macho ya Jotham yakanitafuta, na watu wakaanza kunung'unika, na kicheko kikaanza kutoka juu kwa miti.

Mdomo wangu haukuwa na kazi hapo. Nikaruka mpaka kwa mpigaji wa isukuti aliyekuwa karibu, na kabla hajashtuka nikagonga ngoma yake kwa ngumi yangu yote.

Tok.

Wakapita. Mama yangu, walipita kama maji yamefunguliwa! Na beti la pili likija, wale wa isukuti walikuwa wameshaelewa. Hao si watu wa kufundishwa mara mbili. Ai kenti, ai kenti, ai kenti, na ngoma zote tatu zikagonga pamoja, na uwanja ukalia kwa furaha. Beti la mwisho watu wote walikuwa wanakwama. Wamama wa soko walikwama, watoto wa juu ya miti walikwama, Mwenyekiti alikwama na koti lake. Festo alikwama na leso mkononi, nilimwona.

Baadaye, wakati wa soda, Papa alimwita Jotham. Alijisafisha koo sana. "Wewe," akasema, "hiyo kitu ulijifunza wapi?"

"Kwa Mhi-Mhi-Mhi."

Mimi nikajiuma ulimi mpaka nikasikia chumvi. Papa akaangalia viatu. Akainua macho tena. Mkono haukupunga. Akangoja.

"Kwa Mhindi wa baiskeli," Jotham akasema.

"Ah," Papa akasema. "Kwa Mhindi."

Ndiyo mazungumzo marefu zaidi niliwahi kusikia kati yao mpaka siku hiyo. Baada ya hapo yalikuwako mengi.

Amalemba Boizi waliimba miaka michache tu. Arusi, mikutano ya shule, mara moja matanga ya chifu fulani aliyeacha ameagiza. Kuna mtu aliahidi kuja na mashine ya kurekodi, tukafagia hata ndani ya tangi, hakuja. Sina kinyongo naye. Yaani ninacho, lakini kidogo. Halafu kazi zikawatawanya. Asman alirudi Mumias akafungua duka lake mwenyewe la nguo. Hezron yuko Mayoni, analima miwa, amenenepa. Lile shamba la mzungu la Lugari lilikatwa vipande, Papa akapata kipande upande wa Chekalini, na Jotham akaenda kumsaidia kulima mahindi, akaoa huko, akabaki. Watu wa redio hawatawahi kuwataja. Ndiyo maana nimewataja mimi.

Sasa, yule kijana wa suruali. Kabla arusi haijaisha nilimrudia, nikamsumbua mpaka akaniuzia ile rekodi ili anyamaze nami ninyamaze. Jumamosi iliyofuata nikaenda nayo Chekalini. Jotham ana santuri siku hizi, aliinunua kwa mahindi ya mwaka juzi. Tuliketi nje, watoto wake wanapukuchua mahindi kwa debe, Papa amelala kwa kiti chake usingizi wa mzee aliyeshiba. Tukaiweka. Jotham alisikiza yote bila kusogea, kichwa kimeegemea nguzo ya nyumba, vile vile.

Ikaisha.

"Ni nzuri," akasema. "La-la-la."

Nikangoja. Na wengine wote siwezi, waulizeni majirani zangu. Naye naweza kungoja mpaka kesho.

"Lakini inapita haraka."

Akainuka, akairudisha mwanzo. Akasimama juu yake mkono tayari, na ilipofika mahali pale akainua sindano kidogo kwa ukucha, akairudisha. Ai kenti. Akairudisha. Ai kenti. Akairudisha tena, jicho la kushoto limefumba, na kabla sijainua ngumi yangu, yule msichana wake mdogo, ambaye hata hakuwa anatuangalia, alikuwa anapukuchua mahindi yake, akagonga debe.